Shingo Haivutwi, Huitwa

Nimestaafu tangu mwezi wa nne, na jambo la kwanza nililogundua ni kwamba mikono yangu haijui la kufanya ikiwa mitupu. Mke wangu ameniomba niache kumpapasa paka shingo. Mimi sina habari. Mikono inakwenda yenyewe. Kwa hiyo ninyi wadogo zangu wa chumba cha mazoezi ya viungo pale hospitalini mliponitaka niwaandikie kidogo juu ya miaka yangu ya kazi, nilikubali upesi, angalau mikono ipate kalamu na paka apumzike.

Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Hazikunifundisha kitu. Nitaandika habari za watoto, hasa wachanga, maana ndio walionitia hofu kuliko wagonjwa wote. Na kuna jambo moja nililopaswa kulisema zamani. Ninyi nyote mnakijua kisa cha bibi aliyevunja mtulinga wa mjukuu wake. Kila mgeni anayeanza kazi chumbani kwetu husimuliwa kisa hicho kabla wiki yake ya kwanza haijaisha. Nimekuja kukisahihisha. Mimi nilikuwepo, na kisa mnachokijua kina pengo mahali pale nilipokuwa nimesimama.

Niliripoti kazini mwezi wa saba, wakati upepo wa Sumbawanga unapenya hata kwenye tundu la kifungo. Nilikuwa nimetoka chuoni na koti jeupe jipya, na mawazo yangu yote yalikuwa kwa wanaume: wacheza mpira waliotegua magoti, madereva wa malori wenye migongo mibovu. Niliyemkuta juu ya meza alikuwa mtoto wa wiki tano. Alikuwa amevikwa sweta mbili, kofia ya sufu, shuka, na juu ya shuka kitenge. Kumfungua mtoto wa kwetu mwezi wa saba ni kama kumenya kitunguu. Ukimfikia mwenyewe, tayari kuna anayelia.

Mkuu wa chumba alikuwa Mama Agripina, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakutaka kuona cheti changu. Alitaka kuona mikono yangu.

"Baba yako anafanya kazi gani?"

"Mkulima, mama. Mahindi na ulezi."

"Naona. Hii ni mikono ya kubebea magunia. Usimguse mtoto wa mtu mpaka nikuambie."

Kesho yake alikuja na mfuko laini wa kitambaa, ndani yake ulezi kilo tatu, haukujaa sana, na juu yake kafunga chungwa. Hilo chungwa ndilo kichwa. Kwa wiki mbili kazi yangu ilikuwa kuubeba mfuko ule, kuugeuza, kuulaza, kuuvika nguo na kuuvua. Ulezi una tabia ya mtoto mchanga: ukiushika vibaya unakimbilia upande mmoja na kichwa kinafuata. Kila chungwa lilipoanguka, Mama Agripina alisema, "Umeua," bila kuinua macho kwenye daftari lake. Niliua watu wengi wiki ile ya kwanza. Baadhi yao niliwamenya saa ya chai.

Watu walikuwa wakipita mlangoni na kuchungulia. Kwetu mtoto mchanga hushikwa na bibi, na mwanaume husubiri mpaka mtoto awe na akili ya kutumwa dukani. Fundi umeme wa hospitali, rafiki yangu tangu shule ya msingi pale Katandala, alisimama akanitazama nikibembeleza mfuko, akasema, "Mshikaji, sisi tulikusomesha ukakande ulezi?" Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini wiki ya tatu Mama Agripina alinipa mtoto wa kweli, na chungwa halikuanguka.

Alinifundisha mambo ambayo hayakuwa kwenye madaftari yangu. Kikombe cha kwanza cha chai asubuhi si cha kunywa, ni cha kupashia mikono. Mtoto asilazwe mezani mpaka mama yake ameweka uso wake pale mtoto atakapouona. Na alinionyesha vikopo. Vilikuwa vikopo vitupu vya vidonge, kimoja chenye punje za mahindi na kingine chenye ulezi, vimefungwa kwa plasta. Cha mahindi ni cha watoto wanaokaa. Ukimtikisia mchanga mahindi anashtuka, anakaza mwili mzima, na asubuhi yako imeharibika. "Ulezi unanong'ona," alisema Mama Agripina. Mtoto anageuka taratibu kutafuta nani anayenong'ona, na hapo wewe unaona shingo inafika wapi na inakwama wapi, hata hujamgusa.

Miaka ile ya kwanza nilipenda kazi ya miguu iliyopinda. Kila wiki unausogeza mguu kidogo, unafunga plasta, wiki ijayo unasogeza tena. Nilimpenda hasa mama mmoja wa Kipili, aliyepanda kutoka ziwani kila wiki na mwanawe mgongoni na migebuka mikavu kwenye kikapu, asikose hata wiki moja. Chumba kizima kilinuka samaki mpaka Ijumaa. Mtoto yule alitoka kwetu akikanyaga chini kwa nyayo zote mbili, na harufu ile naikumbuka mpaka leo kwa furaha.

Sasa nije kwenye kunyoosha.

Wengi wenu mmezaliwa kwenye nyumba zenye bafu la ndani, kwa hiyo niwaeleze. Bibi akishamwogesha mtoto, anakaa chini, ananyoosha miguu yake mbele na kumlaza mtoto juu ya mapaja. Anampaka mafuta. Anamkanda mgongo, anapishanisha mikono yake kifuani. Mpaka hapo hakuna ubaya wowote, mimi mwenyewe ningependa kukandwa hivyo. Kisha baadhi ya mabibi huendelea. Huvuta mkono mmoja mpaka kiungo kilie, huvuta mwingine, hushika kichwa kwa mikono miwili na kukivuta juu, na wengine humning'iniza mtoto kwa miguu kama sungura. Kiungo kikilia, bibi anaridhika. Mtoto amefunguka. Kazi hiyo yote, kuanzia mafuta mpaka kuning'iniza, ina jina moja tu: kunyoosha. Mimi nilinyooshwa. Mama yangu alinyooshwa. Neno lile nilikua nalo nyumbani, na siku nilipovaa koti jeupe nililiacha mlangoni pamoja na viatu vyenye matope.

Ulikuwa mwaka wangu wa tatu, Jumatatu, Mama Agripina yuko likizo, benchi la nje limejaa mpaka watu wanakaa kwenye ngazi. Aliingia mama kijana aitwaye Oresta, kutoka kijiji kimoja cha njia ya kushukia ziwani. Mtoto wake wa kwanza, Salome, wiki sita. Kichwa kilikuwa kimelalia bega la kulia na kidevu kinatazama kushoto, na ukijaribu kumgeuza kulia anagoma.

"Kuna uvimbe hapa shingoni. Umeugusa?"

"Ndiyo, daktari. Kama harage."

"Usiogope. Ni msuli umefupika. Tukiuwahi, utarudi."

Alishusha pumzi. Nikamwonyesha: mkono huu unatuliza bega, mkono huu unazungusha kichwa polepole, hesabu mpaka kumi, acha. Nikamwonyesha mara moja. Mama Agripina alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja hata siku ya mvua: mama lazima afanye mwenyewe mbele yako mara tatu, na mara ya tatu mikono yako iwe mfukoni. Siku ile nilitazama benchi, nikatazama saa, nikairuka sheria.

"Basi, mnyooshe," nikasema. "Mara tatu kwa siku. Asiponyooshwa sasa atakuwa hivi maisha yake yote."

"Nimnyooshe?" aliuliza Oresta.

"Mnyooshe."

Aliniuliza, jamani. Alisimama mlangoni na mtoto mgongoni akaniuliza tena lile neno, na mimi nikamrudishia vilevile huku naita jina la mgonjwa mwingine.

Siku ya tisa walirudi, safari hii watatu. Oresta alikuja na mama mkwe wake, Bibi Yustina, mwanamke mrefu, wima, mwenye mikono mikubwa kuliko yangu. Salome alikuwa kifuani kwa bibi. Hakuwa analia, na hilo ndilo lililonitisha kwanza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mkono wa mtoto umelala."

"Tangu lini?"

"Jana asubuhi. Nilikuwa namnyoosha kama ulivyoagiza. Bega huku, kichwa huku. Nikasikia mlio, ka."

Nilimlaza Salome mezani. Mkono wa kulia ulibaki pale ulipowekwa, kama si wake. Nikakumbuka yale niliyofundishwa chuoni: mishipa inayoendesha mkono hutokea shingoni. Shingo ikivutwa upande mmoja na bega upande mwingine kwa nguvu, mishipa ile inaweza kunyofoka, na ikinyofoka, mkono haunyanyuki tena. Mtoto wa wiki saba, maisha yote mbele, mkono mmoja. Na shingo yenyewe je? Sikuweza hata kumwambia Oresta akae.

Daktari wa zamu aliitwa. Alikuwa kijana, mkali, na amechoka. Aliwasimamisha kwenye korido, benchi zima linasikiliza, akamwuliza Bibi Yustina nani alimwambia amvute mtoto mchanga namna ile.

Bibi alinitazama. Oresta alitazama sakafu. Mimi nilitazama kadi ya mtoto, nikasoma jina, uzito, kijiji, nikaisoma tena.

"Ni mila zetu tu, daktari," alisema Bibi Yustina.

Basi akapewa maneno. Kwamba wazee hawasikii. Kwamba ujinga unaua. Kwamba angetakiwa kupelekwa polisi. Alisimama akayapokea yote, mikono ameifunga ndani ya kitenge asiionyeshe. Kwenye faili daktari aliandika: Alivutwa na bibi. Nami nilikuwa hatua mbili tu kutoka pale, na kalamu mfukoni, na ulimi kinywani.

Picha ilitoka mchana. Mifupa ya shingo ilikuwa mizima. Kilichopasuka ni mtulinga, ule mfupa mwembamba unaoshikilia bega kwa mbele, na kwa mtoto mchanga mtulinga huunga wenyewe haraka. Lakini daktari akaongeza kwamba habari ya mishipa hawezi kuisema. Huenda mkono umelala kwa maumivu tu, huenda vinginevyo. Tulibana mkono wa gauni kifuani kwa pini, tukawaambia warudi baada ya wiki tatu.

Sijawahi kuona wiki ndefu kama zile. Mama Agripina aliporudi kutoka likizo nilimwambia yote mlangoni, kabla hajaweka hata mkoba. Alivua miwani.

"Alifanya mwenyewe mara tatu?"

"Hapana, mama."

"Mara moja?"

"Hapana."

"Basi mtulinga umeuvunja wewe. Kwa yule bibi umeazima mikono tu." Alivaa miwani. "Kwa daktari siendi. Hilo ni la kwako kusema."

Sikulisema. Nilijiambia nitasema mtoto akirudi, kisha nikajiambia nitasema nikijua mkono umekuwaje. Mwoga ana ratiba nzuri kuliko mtu yeyote.

Walirudi siku ileile tuliyowapa, saa mbili asubuhi, Bibi Yustina mbele. Nilitoa pini. Mikono yangu ilikuwa imeshikilia kikombe cha chai tangu saa moja na bado ilikuwa baridi. Salome akalala chali, anatazama kushoto kama kawaida yake, mkono wa kulia umelala. Tukasubiri. Hakuna kitu. Nilimgusa kiganja, vidole vikafunga kidogo, lakini vidole si bega. Oresta alianza kulia kimyakimya.

Mama Agripina alinipa kikopo cha ulezi. Nilikwenda upande wa kulia wa mtoto, upande ule shingo ilipokuwa inagoma, nikatikisa kidogo. Salome akaacha kunyonya ulimi. Nikatikisa tena. Kidevu kilianza safari, polepole, kikakwama katikati, kikasukuma, kikavuka. Akaniona. Na mkono wa kulia, ule uliolala siku ishirini na kitu, ukanyanyuka kutoka begani, ukatetemeka hewani, ukaniangukia kidoleni.

Nilikaa chini sakafuni. Nililia, siwafichi. Mama Agripina aliwaambia watu wa benchi kwamba nina mafua.

Baadaye nilimfuata Bibi Yustina nje, alikokuwa anamfunga mtoto vizuri kwa ajili ya upepo. Nilipiga magoti, maana kusimama mbele yake nilishindwa.

"Bibi, lile neno lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyesema mnyooshe. Na siku ile daktari anakusema, nilinyamaza."

"Najua. Nilikuwepo," alisema.

"Kwa nini hukunitaja?"

Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyechelewa kutembea. "Ungefukuzwa. Na shingo bado imepinda. Ningemleta kwa nani?"

Mtoto alikuwa mikononi mwake, anasinzia.

"Sasa nisikilize," akaendelea. "Neno lako ni bovu. Kwetu kunyoosha ni kunyoosha, hakuna kunyoosha kwa mjini na kunyoosha kwa kijijini. Ukitaka kitu kingine, tafuta neno lingine. Kile ulichofanya na kikopo, kinaitwaje?"

"Nilikuwa namwita tu, bibi."

"Basi sema hivyo. Sema mwiteni. Shingo ya mtoto haivutwi, huitwa."

Nilimpa kikopo aende nacho. Mama Agripina alinikaripia kwa kugawa mali ya chumba, kisha akanipa ulezi wa kutengeneza kingine.

Hapo ndipo ilipotoka ile namna yetu ya kusema ambayo mnaitumia kila siku bila kujua imetoka wapi. Mlaze mtoto ambapo mlango uko upande mbaya, ule shingo inakogoma kwenda. Mama azungumze akiwa upande mbaya. Ziwa la mama, taa, kaka yake mwenye kelele, vyote viwe upande mbaya. Kugeuza kichwa kwa mkono bado tunafundisha, polepole na mara tatu mbele yetu, lakini hatusemi mnyooshe. Tunasema mwite. Salome alipofikia umri wa kukaa, kidevu chake kilikuwa katikati ya kifua kama cha watu wote. Bibi Yustina ndiye aliyemwita, asubuhi mpaka jioni, na siku ya mwisho ya kliniki alinipa debe la ulezi. Baada ya hapo sikuwaona tena.

Mama Agripina alistaafu, na miaka michache baadaye tulimzika. Chumba kikaniangukia mimi. Wanafunzi na waajiriwa wapya wakaanza kuja, nikahitaji kuwaingizia kichwani sheria ya mara tatu, na kitu kinachoingia kichwani ni kisa. Nikawaambia: palikuwa na bibi mmoja aliyemvuta mjukuu wake mpaka mtulinga ukavunjika. Mara ya kwanza nilikusudia kumalizia na sehemu yangu. Kengele ya chai ikalia. Mara ya pili sikukusudia sana. Mara ya kumi kisa kilikuwa kimenyooka chenyewe, laini, hakina mtu mwingine ndani yake ila bibi. Ninyi nanyi mkakipokea na kukiongezea chumvi. Mwaka huu nimesikia kwamba bibi huyo alikuwa mganga na kwamba alikataa kuja hospitali.

Wiki yangu ya mwisho kazini alikuja Bwana Rashidi, mwenye duka la vipuri vya pikipiki pale Mazwi, na mkewe, na kitoto cha miezi miwili kinacholia kila jioni. Alikuwa na simu mkononi. Video ilionyesha mtaalamu wa ng'ambo akigeuza mtoto mchanga huku na huku, akimbonyeza mgongo, mfupa ukalia ka, na mtoto akatulia.

"Wanaita kurekebisha uti wa mgongo," alisema Bwana Rashidi. "Mbona ninyi hamfanyi? Hata nauli ya kumpeleka mji mkubwa wanakofanya ninayo."

Mwajuma, ambaye sasa ndiye mkuu wenu, alishughulika naye mwenyewe, nami nilikaa pembeni kama mzee anayeondoka. Alimchunguza mtoto kuanzia utosi mpaka kisigino, akamwuliza mama ananyonyeshaje na anambebaje. Kisha akamwambia baba kwa upole kwamba mgongo wa mtoto ni mzima, kwamba watoto wengi wa umri huu hulia jioni na huacha wenyewe, na kwamba yeye haoni sababu ya kuubonyeza mpaka ulie mgongo ambao haujakosea. Akamwonyesha namna ya kumbeba kifudifudi juu ya mkono. Bwana Rashidi alifanya mara tatu. Mara ya tatu mikono ya Mwajuma ilikuwa mfukoni. Niliona raha ambayo siwezi kuieleza.

Kisha Mwajuma akasema, "Na ule mlio, baba, usikudanganye. Palikuwa na bibi mmoja hapa, aliusikia huohuo mlio. Kumbe amevunja mtulinga wa mjukuu wake."

"Wazee wetu bwana," alisema Bwana Rashidi akitikisa kichwa. "Hawasikii."

Maneno ya daktari yule wa zamu, neno kwa neno. Nilifungua mdomo. Niliufunga. Na jioni ile kwenye sherehe mliponipa saa ya ukutani, mkaimba, mkaniita mwalimu, mlidhani nalia kwa ajili ya saa.

Mwezi uliofuata nilipanda basi la Namanyere, nikashuka njiani nikachukua bodaboda. Sikujua kama Bibi Yustina yuko hai. Kijana wa bodaboda alicheka. "Bibi Yustina? Huyo yupo sana. Atatuzika sote."

Nilimkuta uani kwake anapepeta ulezi. Amepinda mgongo sasa, lakini mikono ni ileile. Nilimwamkia, nikajitaja. Aliitikia marahaba, akaweka ungo chini.

"Daktari wa kikopo," alisema.

Nilimwambia nilichokuja kusema. Kwamba miaka yote hii kule mjini amekuwa mfano mbaya. Kwamba kila mgeni anasimuliwa juu ya bibi asiyesikia. Kwamba mimi ndiye niliyeanzisha, na sasa nataka kuwaandikia vijana wangu ukweli, na ninaomba ruhusa yake na msamaha wake, chochote atakachotangulia kunipa.

Alisikiliza mpaka mwisho. Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia.

Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, akamwita mtu ndani ya nyumba kwa Kifipa, akacheka tena.

"Mwanangu, wewe unanisema mjini? Mimi nimekusema huku miaka hiyo yote! Nani kijijini hapa hajui habari za daktari aliyevunja mtulinga wa Salome kwa mdomo? Kila mama anayekwenda hospitali namwambia: akisema jambo, mwambie akuone ukilifanya, usije ukarudi kama mimi."

"Lakini siku ile hukunitaja..."

"Kwa daktari nilikusitiri. Hapa ni kwangu." Alipangusa macho kwa ncha ya kitenge. "Andika. Andika na jina langu, wasije wakadhani ni Yustina mwingine."

Kwa hiyo nimeandika, na ninyi mkisimulia tena, msimulie hivi. Nilikuwa nimebeba mzigo ule kwa miaka, na yule bibi hakuwahi kuubeba hata siku moja. Alikuwa ameutua palepale, siku ya kwanza, nyumbani kwake. Nilicheka naye. Nilijihisi mwepesi mpaka nikaogopa kusimama.

Aliyeitwa alitoka ndani. Mwanamke mrefu kama bibi yake, kidevu katikati, shingo imesimama. Alinyanyua mikono yote miwili kuvuta kitenge, akamshusha mtoto mgongoni, akamlaza kwenye mkeka kati yangu na bibi. Alinisalimia shikamoo kama anavyosalimiwa mzee yeyote mgeni, maana alikuwa hanijui.

Bibi Yustina aliingiza mkono chini ya ungo akatoa kikopo, kimefungwa plasta juu ya plasta, hakina rangi tena. Akakitikisa kidogo. Ulezi ukanong'ona. Mtoto akageuza shingo kumtazama, na mimi pia.